Handaki la Salaita halipigiki picha saa sita mchana

Mara ya kwanza nilipofuata mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, nilipanda hadi juu. Matatu ya Voi kwenda Taveta ilinishusha saa nne na nusu, jua limeshakaa sawasawa, nikauliza njia, nikakwea kilima cha Salaita na begi la kamera mgongoni na chupa moja ya maji. Kileleni nikakuta majabali, nyasi kavu na upepo. Nilipiga picha sitini na tatu. Nikizitazama leo, zote ni picha za kichaka.

Niliposhuka nilimkuta mzee mmoja anachunga mbuzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akauliza, "Umeyapata?" Nilidhani anauliza mahandaki. Kumbe anauliza mawe. Taita-Taveta mgeni anayetembea macho chini ni broka wa vito, na akiwa na kamera ndiyo mbaya zaidi, maana huyo ametumwa na tajiri. Nikamweleza kwamba natafuta alama za vita vya Mjerumani. Akacheka.

"Sasa huko juu ulifuata nini, kijana wangu? Mjerumani alikaa huku chini."

Hapo nikaona haya, kwa sababu jambo hilo nilikuwa nimelisoma. Tarehe 12 Februari 1916 Jenerali Malleson wa Waingereza alileta karibu watu 6,000 kukiteka kilima hiki, wakiwemo Waafrika Kusini wengi waliokuwa wageni kabisa katika nyika hii. Mizinga yao ikatwanga kilele, ambako mitaro ilikuwa ya kuzugia tu. Mahandaki yenyewe yalikuwa miguuni pa kilima, yamefichwa vichakani, na ndani yake askari wa Mjerumani walikuwa wametulia wakisubiri. Wapelelezi walikuwa wamesema kuna watu kama 300. Walikuwa zaidi ya 1,000. Waafrika Kusini peke yao walipoteza watu 138, ukijumlisha waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Na mimi, miaka zaidi ya mia moja baadaye, nimekuja na lenzi nikalenga kilele kilekile.

Wengi watakwambia jina Salaita lilitokana na neno la Kiingereza "slaughter", yaani machinjo, kwa ajili ya siku hiyo. Hadithi tamu, ila Waingereza walikuwa wakiandika Salaita kabla ya siku yenyewe. Wajerumani waliita kilima hiki Oldorobo.

Mzee akanipeleka. Tulitembea labda dakika kumi, akasimama, akaniambia "ndilo hili", nami nikatazama huku na huku nisione kitu. Nilikuwa nimesimama ndani yake. Zamani lilikuwa refu la kumficha mtu, sasa limejaa udongo hadi linafika magotini, pengine chini ya hapo, na nyasi zimeota kote sawasawa. Ukitembea unalihisi, mguu unashuka halafu unapanda. Lakini kamera haina miguu. Saa sita jua liko utosini, hakuna kivuli hata cha kidole, udongo wa ndani na wa nje ni mwekundu uleule. Nilijaribu kulala kifudifudi, nikajaribu kupanda juu ya jiwe, nikabadilisha lenzi. Kwenye kioo cha kamera ni nyasi tu.

Ikabidi nilale Taveta nirudi alfajiri. Nilipatana na kijana wa bodaboda tuondoke saa kumi na moja, akakataa katakata. Kukiwa giza, ndovu wa Tsavo wanakatiza barabara, na yeye ana watoto. Sikubishana naye. Tulitoka kulipopambazuka, na kufika kwangu jua lilikuwa limeshachomoza, nikajua nina kama nusu saa.

Nusu saa hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza. Jua likiwa chini hivyo, mwanga unapita mkato juu ya ardhi, na ukingo wa handaki upande wa mashariki unaangusha kivuli ndani. Ghafla msitari mweusi ukajitokeza, ukanyooka, ukakunja kona, ukanyooka tena. Hizo kona zilichimbwa makusudi, ili anayeingia upande mmoja asiweze kumimina risasi hadi mwisho wa mtaro. Jana yake nilikuwa nimezivuka bila kujua. Nilipunguza mwanga kwenye kamera hadi picha ikawa na giza kidogo, kwa sababu ikijiweka yenyewe inajaribu kuking'arisha kivuli, na kivuli ndicho nilichokifuata.

Watoto wawili waliokuwa wakipita wakaniletea ganda la risasi, nene kama kidole gumba changu, limeiva kijani. Vikosi vingi vya askari wa Mjerumani viliingia vitani na bunduki za mtindo wa 1871, zenye risasi nene na moshi mwingi unaomfichua mpigaji, kwa hiyo nilishawishika kuamini kwamba ni la huko. Walitaka kuniuzia. Nikalipiga picha kando ya shilingi kumi ili ukubwa uonekane, nikawarudishia, nikawaomba walirudishe lilikokuwa. Hawakufurahi. Vitu hivi vinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, lakini sababu yangu hasa si sheria. Ukinunua moja leo, kesho wataenda na jembe, na jembe halijui ganda tupu wala kombora ambalo halijalipuka.

Kuna pia mbuyu wa yule mwanamke wa Kijerumani, mdunguaji, ambaye inasimuliwa kwamba alijificha ndani akiwalenga Waingereza kulipiza kisasi cha mumewe. Huyo mama siamini sana habari zake. Mbuyu wenyewe nilimaliza nao saa nzima.

Makaburi ya Taveta nilipita haraka. Mawe yamepangwa kwa mistari, mengi ya Waafrika Kusini, yanapigika picha vizuri saa yoyote, na labda ndiyo maana hayakunishika. Wapagazi waliobeba chakula na risasi za vita hivi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko risasi, na hawana mstari wa mawe wa kusimama mbele yake. Jina lao limebaki sokoni: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni "Carrier Corps" iliyopita kwenye ulimi wetu. Reli kutoka Voi waliyoifuata ipo, imemezwa na miiba sehemu nyingi. Ile nitairudia siku nyingine.

Kabla sijaondoka Salaita, yule mzee alitokea na mbuzi wake akasema basi na wao niwapige, na picha nimletee, isiwe ya kwenye simu. Jua lilikuwa bado chini. Nilipiga mara tatu bila kufikiri sana, huku namwaza bodaboda anayenisubiri.

Nyumbani nikagundua kwamba hiyo ndiyo picha yangu bora ya handaki. Mbuzi wanavuka kwa safu: wa mbele wanaonekana hadi kwato, wa katikati wamekatwa miguu, mmoja umebaki mgongo na masikio, wa nyuma ndio kwanza wanainamisha shingo kushuka. Kina cha handaki kimeandikwa pale kwa mbuzi, wakati mimi siku mbili nilikuwa nawasubiri wasogee nipate ardhi tupu.

Niliichapisha Voi, kubwa, nikampelekea mwezi uliofuata. Akaishika kwa mikono miwili, akaiinamia, akaanza kuhesabu kwa kidole. Nikasubiri aseme kitu kuhusu handaki.

"Huyu mweupe," akasema, "nilishamuuza."