Ndege wa sentimita 64: nilivyojifunza kuhesabu karatasi za ukutani

Karatasi ile niliipendea ndege. Ametua kwenye tawi, mkia wake mrefu unashuka mpaka ukingoni mwa karatasi na kukatikia hapo. Nusu ya pili ya mkia imo kwenye kipande cha jirani. Nilitaka chumba kizima kijae ndege wale.

Chumba kina mita 4 kwa 3.5, na kimo cha mita 2.40. Nikapiga hesabu ambayo nadhani wengi wetu huanza nayo: mzunguko wa kuta ni mita 15, zidisha kwa kimo, unapata mita za mraba 36. Roli ya kipimo kilichozoeleka ina urefu wa mita 10.05 na upana wa sentimita 53, kwa hiyo inafunika mita za mraba 5.3 hivi. Gawanya, jibu ni 6.8. Nikanunua roli 7. Hata mlango sikuutoa kwenye hesabu, nikiamini hiyo ndiyo akiba yangu.

Roli zote saba ziliisha ukuta mmoja mzima ukiwa bado mtupu.

Jibu lilikuwa kwenye lebo tangu mwanzo. Palichorwa mishale miwili inayoelekeana, mmoja umekaa juu kidogo ya mwenzake, na pembeni pameandikwa 64/32. Namba ya kwanza inasema ndege yuleyule anarudi kila baada ya sentimita 64. Ya pili inasema kipande cha jirani kishushwe au kipandishwe sentimita 32, yaani nusu, ndipo mikia ikutane. Mishale ikilingana, maua, yaani michoro ya karatasi, yanakutana usawa mmoja na hakuna cha kushusha. Ukiona mshale na sifuri, bandika upendavyo, hakuna cha kulinganisha.

Nililielewa jambo hili vizuri nilipopiga magoti sakafuni na roli moja, futi kamba na penseli. Ukuta wa sentimita 240 unahitaji kipande cha 250, kwa sababu unaacha tano juu na tano chini za kukata baada ya kubandika. Karatasi isiyo na maua ingetoa vipande vinne kwa roli, maana 250 mara nne ni 1,000 na roli ina 1,005. Ila kipande changu cha pili hakiwezi kuanzia pale cha kwanza kilipoishia. Lazima kianze kwa ndege aliye mahali palepale, na 250 haigawanyiki kwa 64. Inabidi upande mpaka marudio manne kamili, ambayo ni 256. Sentimita sita tu kwa kila kipande! Lakini vipande vitatu vikishatoka hivyo, kilichobaki kuanzia kwenye ndege anayefaa kilikuwa 237. Nilikishika kile kipande nikakisimamisha ukutani, kikakosa sentimita tatu kufika chini.

Hapo ndipo nilipoachana na mita za mraba. Hesabu hiyo inafaa kwa rangi ya kopo, kwa sababu rangi haijali imeanzia wapi. Karatasi yenye maua huhesabiwa kwa vipande: mita 15 gawanya kwa sentimita 53 ni vipande 29, roli moja inatoa vitatu, kwa hiyo roli 10. Msidhani pia kwamba ua dogo ni nafuu kila mara. Ua linalorudi kila sentimita 32 lingenipeleka kwenye 256 ileile na kuninyima kipande cha nne vilevile. Piga hesabu kwa kimo cha ukuta wako mwenyewe, na uipige kabla hujalipa.

Kuhusu ile 32, kilichonisaidia ni kutenga roli mbili: moja ya vipande vya witiri, nyingine ya vipande vya shufwa. Ile ya pili niliikata sentimita 32 za mwanzo mara moja tu, kisha nikaendelea na 256 kama kawaida. Nyuma ya kila kipande niliandika namba na mshale wa kuonyesha juu. Msiuache mshale. Tawi likigeuzwa juu chini halionekani haraka ukiwa na gundi mikononi.

Nilirudi kununua roli tatu zilizopungua. Jina lilelile, ndege walewale, lakini namba ya bechi, yaani ya mkupuo zilimochapwa, ilikuwa tofauti, na nilipoziweka kando ya zile za kwanza niliona weupe wake umeelekea kwenye umanjano. Ni kidogo sana, ila kwenye maungio ya katikati ya ukuta jicho lingeenda moja kwa moja hapo. Kilichoniokoa ni kwamba vipande 21 vilikuwa vimemaliza kuta tatu na kupinda kona sentimita chache tu. Nilivikata konani, nikashusha timazi upya, na ule ukuta wa mita 4 nikaufunika wote kwa vipande vinane vya bechi mpya. Kona yenyewe hubadilisha mwanga, kwa hiyo tofauti ya rangi inajificha humo.

Mabaki ya 237 sikuyatupa. Yalitosha juu ya mlango na chini ya dirisha, nilichofanya ni kutafuta ndege wa kulingana na jirani yake.

Imebaki kona moja, ile nilikoanzia, ambako kipande cha mwisho kinakutana na cha kwanza. Hapo maua hayakutani, kwa sababu upana wa chumba haukupimwa kwa ajili ya karatasi. Nilikuwa nimeianzia makusudi nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa unaifunika, na ndege wa pale hana mkia.