Chakula cha jioni nyumbani kwa Tharia Topan

Boti ilitushusha Malindi, bandarini Unguja, saa tisa alasiri. Shangazi alikataa teksi. Amezaliwa Unguja, na vichochoro vya Mji Mkongwe anavijua kwa miguu. Tulipoikuta hekalu ya Wahindu akasema, "Hurumzi hii, mwanangu."

Nyumba tuliyoifuata ilikuwa ya Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeshika forodha ya Sultani na kumkopesha Tippu Tip mtaji wa misafara ya pembe bara. Siku hizi ni hoteli, Emerson on Hurumzi, na mgahawa wake uko darini kabisa. Kesho yake, tuliambiwa, paa lote limekodiwa kwa karamu ya harusi.

Ngazi za mbao ni kali. Shangazi alipumzika mara mbili, na kijana mhudumu akampokea mkono: "Shikamoo, bi mkubwa. Taratibu, hakuna haraka." Juu tukavua viatu, tukakaa chini kwenye mito. Mpiga udi alikuwa ameshaanza.

Sijawahi kuuona mji ule hivyo: mabati yenye kutu, minara ya misikiti, minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na mbele zaidi mnara wa kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873.

Hapo jina la mtaa likanishika. Ndani ya Hurumzi mna "huru". Husimuliwa kwamba Waingereza waliitumia nyumba hii hii kuwalipa mabwana ili wawaachie watumwa wao. Na amri ya 1897, iliyofuta utumwa kisheria Unguja na Pemba, fidia iliwapa mabwana. Mtumwa hakupata hata pesa moja; tena ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake. Niliitazama sinia ya samaki wa nazi mbele yangu, nikashindwa kuanza.

"Bibi yangu mzaa mama," shangazi akasema bila kuulizwa, "hakupenda kuulizwa kwao ni wapi. Ukimuuliza, anaondoka."

Adhana ya magharibi ikaanza, udi ukanyamaza. Shangazi akavuta ushungi, akaukodolea macho mnara wa Mkunazini mpaka adhana ilipokwisha. Kisha akaniambia nimtolee samaki miiba.