Hii si kusi

Juzi usiku binti yangu alinikuta sebuleni nasoma tangazo la mafunzo ya wakulima wa mwani kwa sauti, simu mkononi, nyumba nzima imelala. Alisimama mlangoni na shuka lake begani akauliza, "Mama, unamsomea nani?" Nikamwambia najisomea mwenyewe, arudi kitandani. Si kweli. Kuna mzee mmoja ninamsomea kila ninapotaka kuposti jambo la shirika, na juzi kusi, ule upepo wa kusini, ilivyoanza kubisha mabati nilimkumbuka zaidi.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa ukurasa wa shirika letu mtandaoni. Hadi Mei 2024 nilikuwa nao miezi minne na nilikuwa nimeposti mara moja tu. Mara hiyo moja nilikosea tarehe ya mkutano. Akina mama sita walitoka vijijini kwa bodaboda, wakafika Kilwa Masoko, ofisi imefungwa. Niliwakuta wamekaa barazani, mmoja ananyonyesha, wala hawakunigombeza. Mkubwa wao aliniambia tu, "Tulisoma kwenye simu, mwanangu, tukajua ni nyie." Neno hilo "ni nyie" likanikaa kifuani. Kwenye ukurasa wangu binafsi naandika nitakavyo, lakini pale nilikuwa natumia jina ambalo watu wanalilipia nauli.

Tangu siku hiyo nikawa naandika na kufuta. Simu ilijaa rasimu. Na tulikwisha kukalishwa kwenye semina tukaelezwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwamba taarifa ya uongo inaweza kukupeleka jela, nami nikatoka pale nimeamua kwamba aliye kimya hakosei.

Ijumaa ya tarehe 3 Mei, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, walitangaza kwamba ule mgandamizo mdogo wa hewa uliokuwa baharini umekuwa kimbunga kamili, kinaitwa Hidaya, na kinaelekea pwani yetu. Mkurugenzi alikuwa safarini, simu yake haipatikani. Mwenzangu wa fedha akaniangalia. "Ukurasa si uko kwako?"

Niliandika. Nilinakili karibu kila neno la taarifa: wananchi wanashauriwa, kufuatia uwepo wa, kasi ya upepo, kilomita kwa saa. Nikaongeza nembo ya shirika. Kidole kikagoma. Nikachukua simu nikateremka dikoni, pale boti zinapofunga, nikijiambia nakwenda kuangalia hali ya bahari. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia kile kitufe.

Bahari ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sahani. Watu walikuwa wameshatoka msikitini, na zilikuwa siku za giza, mwezi umebaki ukucha, ndizo siku za dagaa. Vijana walikuwa wanapakia taa na barafu kwenye boti, wanataniana. Chini ya mti wa mkungu alikuwepo Mzee, nahodha wa zamani ambaye magoti yamemshusha chomboni, anaziba wavu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye gogo, nikamwomba anisikilize nimsomee kitu.

Nikasoma hadi mwisho. Sindano yake haikusimama hata mara moja. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno, akauliza, "Huo upepo mkali, ni kusi?"

"Hapana, baba. Ni kimbunga."

"Mbona hukusema?"

Nikamwonyesha kwenye simu: neno lilikuwepo, mstari wa nne. Hakuangalia simu. Aliangalia wale vijana. "Huu ni Mei," akasema. "Kila Mei mnatuambia upepo mkali, nasi tunajua ni kusi inaingia. Kusi tunaijua tangu tukiwa mgongoni kwa mama zetu. Tunajua pa kujibanza, tunajua saa ya kurudi. Ukimwambia mvuvi upepo mkali mwezi huu, anakushukuru halafu anatoka." Akavuta wavu kwenye mapaja, akatafuta tundu jingine kwa kidole gumba. "Na tazama maji yalivyotulia. Ataamini maji au ataamini wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilifuta yote pale pale kwenye gogo. Nikawa naandika mstari, namsomea, anasema endelea au anatikisa kichwa. "Bahari kuu" alilikubali. "Chukueni tahadhari" alilikataa, akasema tahadhari ni nini, kuvaa koti? Aliuliza nani kasema, nikaandika TMA. Aliuliza walioko dago, kambi ya wavuvi, kisiwani Songosongo watajuaje. Ikatoka hivi:

"Hii si kusi. Ni kimbunga kutoka bahari kuu, TMA wametangaza. Usiku wa leo na kesho msitoke, hata mkiona maji yametulia. Pandisheni vyombo juu. Wenye ndugu dagoni wapigieni simu sasa, kabla mtandao haujakatika."

Niliisoma mara ya mwisho kwa sauti, na kijana mmoja aliyebeba ndoo ya barafu akasimama kusikiliza. Aliuliza, "Hiyo ni kweli, dada?" Uso wake ulikuwa umbali wa hatua mbili tu. Nikasema ni kweli. Baada ya kumjibu yeye, kile kitufe hakikuwa kigumu tena. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini jioni.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mtu wa kwanza kuandika chini yake aliuliza nani katutuma kutisha watu. Mikono ilinitetemeka, lakini sikufuta. Hadi magharibi maneno yale yalikuwa kwenye magrupu ya WhatsApp nisiyoyajua, mengine yamesomwa kwa sauti ya mtu nisiyemjua. Jumamosi Hidaya ikaingia nchi kavu kupitia Mafia. Kwetu mvua ilipiga usiku kucha, minazi ikalala, umeme ukakatika, na barabara ya Dar es Salaam ikakatwa na maji pale Somanga.

Watu huniuliza kama lile tangazo lilisaidia. Sijui niwajibu nini. Redio ilisema, msikiti ulisema, viongozi walipita na vipaza sauti. Boti mbili niliziona zikitoka ile Ijumaa huku chapisho langu likiwa tayari limeshafika kwenye simu zao. Zilirudi usiku, na siwezi kusema ziligeuka kwa sababu yangu.

Nisichokitarajia kilikuja Jumapili. Niliteremka dikoni na simu yenye chaji asilimia kumi na moja, bila mtandao, nione tu kama Mzee yuko salama. Alikuwa chini ya mkungu, tawi moja limevunjika, na pembeni yake vijana kama ishirini wamekaa mchangani mbele ya boti zao zilizopandishwa. Waliponiona walinyamaza. Yule wa ndoo ya barafu akainuka.

"Dada, tumeangalia ukurasa tangu alfajiri haufunguki. Mnasemaje, tutoke?"

Nikaomba wanisubiri. Nikapanda kilima nikiinua simu juu, natafuta mtandao, na woga wa Ijumaa ulikuwa umenirudia wote, mzito kuliko ule wa kwanza.