Haki nayo ina maksi?

Mdogo wangu anasoma sheria Iringa. Juzi usiku alinipigia akauliza: "Kaka, hiyo kozi yenu ya haki wanasahihishaje? Haki nayo ina maksi?" Bando lilikatika kabla sijamaliza, kwa hiyo namjibu hapa, na vijana wengine wa Mbeya na Njombe wanaotaka kuja kusoma huku wasome pia.

Nipo kaskazini mwa Uingereza, nachukua shahada ya uzamili. Kozi ya nadharia za haki ni ya wiki 10. Kila wiki unasoma kurasa kama 60 na kutuma maoni mafupi kabla ya semina; maoni hayo yana asilimia 20. Insha ya maneno 3,000 ina asilimia 60. Zinazobaki ni za kuchangia darasani. Kufaulu ni 50. Ukichelewesha insha siku moja wanakata alama 5, na ukinakili kazi ya mtu bila kumtaja unaitwa kwenye kikao cha nidhamu.

Kwenye insha hatuandiki jina, tunaandika namba tu. Sharti hilo nililielewa vizuri nilipomsoma John Rawls, mwanafalsafa Mmarekani aliyetoa nadharia yake ya haki mwaka 1971. Yeye anasema tuwawaze watu wanaopanga kanuni za nchi wakiwa nyuma ya pazia, hakuna anayejua kama likifunguliwa atajikuta tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Hapo kila mtu ataliangalia sana fungu la chini, maana huenda likawa lake. Ametoa na mfano wa keki: anayeikata achukue kipande cha mwisho.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Hiyo ni kanuni ya mama, Tukuyu. Akirudi sokoni na muwa mmoja, watoto tuko wanne, anampa mmoja wetu kisu na kusema, "Aliyekata huchagua mwisho." Anayejua muwa anajua kwamba shinani ndiko kwenye utamu, kileleni ni maji maji. Kaka yangu alikuwa anahesabu pingili kwa kidole, anasogeza kisu, anarudisha, mpaka kipande cha kileleni anakiacha kirefu kuliko vyote ili atakayekipata asilalamike. Mama hakwenda zaidi ya darasa la saba.

Lakini wiki mbili za kwanza za semina sikufungua mdomo. Nimelelewa kwamba mbele ya mkubwa unasubiri uulizwe, na mhadhiri wetu ni sawa na baba yangu. Wenzangu wanadakiana maneno. Nikaandikiwa "hachangii", nami nilikuwa nimesoma kila ukurasa. Iliniuma sana. Kwenye insha kuna pazia. Kwenye semina wanaiona sura yako na kusikia lafudhi yako. Nilimfuata mhadhiri ofisini nikamweleza. Alama hakubadilisha, ila aliniomba wiki inayofuata nisimulie habari ya muwa.

Nikasimulia. Mmoja akauliza papo hapo: muwa ni wa nani kwanza? Mama ameununua kwa hela ya ndizi zake, si ampe anayemtaka? Hiyo ndiyo hoja ya mwaka 1974 ya Robert Nozick, mwanafalsafa mwingine Mmarekani: angalia mali ilivyopatikana, usiangalie mafungu yalivyokaa. Dada mmoja kutoka India akaleta mfano wa filimbi wa Amartya Sen, mwanauchumi na mwanafalsafa wa kwao. Watoto watatu wanaigombea: mmoja anajua kuipiga, mwingine hana kitu kingine cha kuchezea, wa tatu ndiye aliyeitengeneza. Tulibishana mpaka muda ukaisha, na nilizungumza kuliko siku zote.

Bado naamini kuwapa wote kipimo kimoja cha kusema, wakati wengine tumefundishwa kunyamaza kwa heshima, si haki. Nimeamua insha yangu iwe juu ya hilo. Inatakiwa Ijumaa saa 6 mchana. Mdogo wangu, ukienda Tukuyu kabla ya hapo, muulize mama ile kanuni ya muwa alifundishwa na nani.