Mkataba wa mwani uliotoka London

Mkataba ulinifikia kwa barua pepe, kurasa 34, Kiingereza kitupu, kazi ya mawakili wa London. Wateja wangu ni kina mama wa Jambiani, Zanzibar, wanaolima mwani. Mnunuzi alitaka saini ndani ya siku tano.

Nikaenda Jambiani. Ilikuwa bamvua, wote wako pwani na kamba zao, nikawangoja mpaka maji yakajaa. Tukakaa barazani nikiwasomea kifungu kimoja kimoja kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye kifungu cha kupima unyevu wa mwani, mwenyekiti wao akaninyanyulia mkono.

"Hebu rudia hapo, mwanangu. Watapima wapi?"

Nikamwambia: bandari ya kushushia mzigo, Ulaya. Akatoa mwani mkavu guniani, akauvunja, ukakatika kwa mlio.

"Huu ndio tunaouza. Una chumvi, huvuta maji. Ukifika kule umelainika, hasara ya nani?"

Nilikwisha kuusoma mkataba ule mara tatu, na hilo sikuliona. Macho yangu yote yalikuwa kwenye usuluhishi, yaani mgogoro kuamuliwa na wasuluhishi badala ya mahakama.

Usiku ule nikaandika upya: mwani upimwe Zanzibar, kabla kontena halijafungwa, mbele ya pande zote mbili, na sampuli zitiwe lakiri. Kisha nikarudi kwenye usuluhishi, ambao upande wa mnunuzi ulitaka ufanyike London. Ada za wasuluhishi peke yake zingeimeza shehena nzima. Na tuzo, yaani uamuzi wa wasuluhishi, ikishatoka haikwepeki kirahisi: Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka nchi zitekeleze tuzo zilizotolewa nchi nyingine, una nchi zaidi ya 170, na Tanzania imo tangu 1964. Nikaomba msuluhishi mmoja, vikao Zanzibar, mashahidi waseme Kiswahili.

Wakili wa upande wa pili tulizungumza kwa video. Hayo aliyakubali, ila mkataba kuongozwa na sheria ya Uingereza hakukuachia. Nikamwachia mimi. Sheria yetu ya mikataba imetokana na ile ya India ya 1872, iliyotungwa chini ya Waingereza, kwa hiyo misingi yake si migeni kwangu. Kinachoniuma ni kwamba chuoni niliandaliwa kusimama mbele ya hakimu, si kujadiliana na ofisi ya London. Haya nimejifunza nikiwa tayari nimeshika riziki za watu.

Shehena ya kwanza ilipimwa ghalani kabla ya kwenda bandarini Malindi, Zanzibar mjini. Mwenyekiti alisimama pale tangu asubuhi mpaka gunia la mwisho.