Juu, yulu na mzigo wa kichwani

Mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, alitazama ramani ya nchi yetu ya Kongo, akaweka kidole kwenye pembe ya kusini-mashariki, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chetu, ambamo «juu» ni «yulu» na «yulu ya nini» ni «kwa nini»: «Tonton, kama Haut-Katanga ni Katanga ya Juu, yulu ya nini iko huku chini?» Jibu haliko kwenye karatasi, liko kwenye ardhi na mito. Mto Lualaba huanzia kwenye uwanda wetu wa kusini na kuelekea kaskazini, na mpaka wetu na Zambia, kwa sehemu kubwa, unafuata mgongo wa ardhi unaotenga maji ya Kongo na maji ya Zambezi. Jiji lenyewe liko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015, ikazaa Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika, yale mawili yenye «Haut», yaani «juu», yako upande maji yanakotoka. Kule Uele, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambako mto hutiririka kuelekea magharibi, jimbo la «juu» liko mashariki.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilichunguza neno hili, na nimeridhika kwamba «juu» halipimi kitu. Kupima kuna maneno yake: mwinuko una mita, kimo kina mita, na dohani la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ambalo wenyeji hulitambulisha kama alama ya jiji, linajulikana kuwa na urefu unaozidi mita 150. Lakini «juu» haina mita. Kitabu kiko juu ya meza nacho kimeigusa. Ndege iko juu ya nyumba nayo imeiacha mbali. Kifaransa kinatumia maneno mawili tofauti katika hali hizo, nasi tunatumia moja tu, kwa sababu Kiswahili hakiulizi umbali uliopo kati ya vitu viwili, kinauliza tu ni kipi kimekaa upande gani wa mwenzake.

Kuhusu «yulu», ambayo walimu wetu huipigia mstari mwekundu, nina neno la kuitetea. Kiswahili cha pwani kiliangusha «l» kati ya irabu katika maneno mengi: palipokuwa na «njala» pakawa «njaa». Sisi hapa tunasema njala hadi leo, na tunasema yulu, sawa na ndugu zetu wa lugha za jirani, ambao huita mbingu «diulu» kwa Kiluba cha Kasai na «umuulu» kwa Kibemba, na mbali zaidi kusini, Wazulu huiita «izulu». Kwa hiyo anayesema «yulu» hajaharibu «juu». Amebaki na konsonanti ambayo wa pwani waliipoteza. Kuiandika katika barua rasmi ni jambo lingine, na hapo nakubaliana na mwalimu.

Penye utajiri zaidi ni pale neno linapoacha mahali na kuingia kwenye sababu. Sokoni Kenya, mtaa wa Lubumbashi ambao wageni huudhani kuwa nchi, utasikia mteja akilalamika: «Mama, bunga iko yulu, yulu ya nini?» Yulu ya kwanza ni bei, ya pili ni kuuliza sababu, na muuzaji hujibu bila kusita: «Yulu ya dola, papa.» Mtu wa Dar es Salaam angesema «kwa nini» na «kwa sababu ya», na huenda akadhani sentensi yetu imejikwaa. Lakini yeye mwenyewe husema «ni juu yako» akimaanisha kwamba jukumu ni lako, «gharama ziwe juu yangu» akijitwika malipo, na «maneno juu ya ndoa» akitaja mada. Matumizi haya yote yana mzizi mmoja, nao ni mzigo ulioko kichwani: kilicho juu ndicho kinachomlemea aliye chini. Jukumu linamlemea mtu, dola inailemea bei ya unga, na mada inayalemea mazungumzo kiasi kwamba hayawezi kwenda kwingine. Sisi wa Kongo tumefuata njia hiyo hiyo hatua moja mbele.

Labda ndiyo sababu Kiswahili, kinapotaka kumtukuza mtu au Mungu, mara nyingi huazima neno jingine. Tunasema utukufu, ukuu, adhama. Malaika katika Injili ya Luka wanaimba «Atukuzwe Mungu juu mbinguni», na hapo sifa imo katika «atukuzwe». «Juu» inaonyesha mahali tu. Kwa binadamu, ujuu peke yake hutiliwa shaka: «Aliye juu mngojee chini», wanasema wazee, bila hata kueleza aliyapanda vipi hayo madaraka. Napenda pia kitenzi «kukweza», ambacho kwa mabaharia ni kuvuta chombo kutoka majini hadi mchangani, kazi ya watu wengi wenye kamba na mabega. Anayejikweza, basi, ni jahazi linalotaka kujivuta lenyewe, na kosa lake linaonekana kabla hujamaliza kulitamka neno.

Kisha kuna «juujuu». Mtu angetazamia kwamba kulirudia neno kungelipandisha maradufu, kumbe linageuka kuwa wepesi: aliyesoma somo juujuu amepita usoni mwake bila kuzama, na aliyejibu juujuu hajajibu. «Chinichini», kinyume chake, ni siri, mambo yanayopangwa wengine wasione. «Kufanya juu chini» ni jitihada ya kila namna, na hilo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kutafuta karo ya Septemba.

Mimi nikiwaandikia wasomaji wa pwani, huandika «kwa sababu ya» ili wasikwame. Nikiwaandikia watu wa hapa, naiacha «juu ya» ifanye kazi yake ya sababu bila kuiombea radhi, kwa kuwa maana yake ni wazi na mantiki yake ni ya Kiswahili chenyewe. «Yulu» naiweka ndani ya alama za kunukuu, mdomoni mwa anayeisema.