Nyama Mbichi, Dengu na Bakuli la Karafuu

Kwa muda wa miezi miwili, paka wangu Karafuu hakula kitu ila steki mbichi iliyokatwakatwa. Nilimwokota nyuma ya meza za samaki pale soko la Marikiti, Mombasa, akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, na kwa mapenzi niliyokuwa nayo nikaona nimpe kilicho bora, yaani nyama tupu isiyo na mfupa wala shahamu. Siku moja aliruka kutoka kwenye kigoda cha barazani, kisichofika hata magotini mwangu, akatua, kisha akaanza kuuburura mguu wa nyuma wa kushoto. Daktari wa mifugo aliielekeza picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha mifupa iliyofifia kama wino uliomwagikiwa maji, karibu rangi moja na nyama iliyoizunguka. Swali lake la kwanza lilikuwa ninamlisha nini.

Nyama ya msuli ina fosforasi zaidi ya mara kumi ya kalsiamu iliyomo, ilhali mwili unavihitaji viwili hivi kwa viwango vinavyokaribiana. Kalsiamu inapopungua damuni, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni ya kuichota kutoka mifupani, na hivyo mtoto wa paka hudhoofika mifupa huku tumbo lake limeshiba. Paka anayejiwindia humla panya pamoja na mifupa, maini na moyo. Steki yangu ilikuwa sehemu moja tu ya windo hilo.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya jirani yangu wa ghorofa ya juu, mama ambaye kwa imani yake haonji nyama, samaki wala mayai. Amepata paka mmoja, na pia ana mbwa wa kulinda ua, akaja kuniuliza kwa upole: “Dada, nikiwapikia dengu na mboga, si wataishi?” Sikutaka kumjibu haraka, maana swali lake lilitoka kwenye dhamira safi, na wanyama wale wawili hawana jibu moja.

Paka kaumbwa kula nyama, na hili si suala la mazoea. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, ya kumtosha, na vyakula vya mimea tunavyopika majumbani karibu havina taurini kabisa. Akiikosa kwa muda mrefu, retina za macho yake huharibika na misuli ya moyo hulegea. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa na moyo uliotanuka walikuwa na upungufu huo, na kwamba walipoongezewa taurini mioyo yao ilipata nafuu, jambo lililowafanya watengenezaji wa vyakula vya paka waongeze kiwango chake. Vilevile paka hawezi kuigeuza rangi ya karoti au mchicha kuwa vitamini A kama tufanyavyo sisi. Ni lazima aipate ikiwa tayari, kwa mfano kutoka kwenye maini. Kuna vyakula vya viwandani vya mimea vilivyotiwa taurini ya kutengenezwa, lakini dengu za sufuriani hazina nyongeza hiyo. Zaidi ya hayo, chakula cha mimea huelekea kuupunguzia mkojo wa paka ukali wake wa asidi, na hapo vijiwe vya aina fulani hujijenga kwa urahisi. Paka dume aliyezibwa mkojo anaweza kufa kwa siku chache. Sisi wa Mji wa Kale tumekua tukisimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie vijidudu vya ardhini, na kila ninapoikumbuka huona kwamba hata masimulizi yale yalijua riziki ya paka ni nini.

Mbwa ana nafasi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na wanasayansi wa Uppsala, Uswidi, ulionyesha kuwa mbwa wa nyumbani ana nakala kati ya 4 na 30 za jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga, ilhali mbwa mwitu wa kaskazini, aliye wa ukoo wake, ana 2 tu. Kwa hiyo ugali haumdhuru, na akipangiwa vizuri anaweza kuishi kwa mimea, lakini upangaji huo unahitaji daktari. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza ugonjwa wa moyo kwa mbwa waliolishwa vyakula vyenye njegere na dengu nyingi, ingawa haijathibitishwa kuwa ndizo chanzo.

Kuhusu nyama mbichi, msimamo wangu ni mkali. Katika joto la Mombasa, nyama iliyoachwa bakulini tangu asubuhi hadi adhuhuri ni shamba la bakteria, na salmonela haifi kwenye friji wala kwenye barafu. Mnyama anaweza kuibeba bila kuugua, akamwambukiza mtoto anayetambaa sakafuni. Paka aliyekula nyama mbichi anaweza pia kutoa kimelea cha toksoplasma katika kinyesi chake, hatari kubwa kwa mama mjamzito. Mapafu na maini mabichi wanayorushiwa mbwa machinjioni ndiyo njia ya tegu wanaowaletea watu uvimbe wa maji kwenye ini, ugonjwa ambao Turkana, kaskazini mwa Kenya, imeujua kwa uchungu.

Basi sasa ninapika. Moyo wa ng'ombe, nyama ya mapaja ya kuku, ini kidogo, bila kitunguu wala chumvi, na mchuzi wote unarudi bakulini kwa sababu taurini huyeyukia majini. Kila nusu kilo ya nyama naitilia nusu kijiko cha chai cha maganda ya yai yaliyosagwa hadi yakawa unga. Mifupa iliyopikwa siwapi kamwe, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Jirani yangu amempeleka mbwa kwa daktari ili apangiwe chakula cha mimea. Kuhusu paka, aliniomba sufuria ikae jikoni kwangu. Mara mbili kwa siku paka wake hushuka ngazi, hukaa kando ya Karafuu, ambaye bado anachechemea kidogo, nao hula kila mmoja kwenye bakuli lake.